Seneti Iliyobebeshwa Deni la Baraza

Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kuandika mihtasari ya vikao katika chuo kikuu kimoja cha binafsi, mali ya taasisi ya dini, huku Nyanda za Juu Kusini. Sitakitaja. Wa Mbeya wakisoma watasema ni cha Iringa, wa Iringa watasema ni cha Mbeya, na waache wabishane. Ninachoeleza hapa ni kisa cha mwaka mmoja wa masomo, ambapo matokeo ya kozi saba yalikwama, yakatoka kwa njia isiyo yake, kisha baadhi yakatoka tena mara ya pili yakiwa tofauti na ya kwanza. Nilikuwapo Baraza la Chuo lilipokaa Juni, na nilikuwapo Seneti ilipokaa Oktoba. Ukiacha Makamu Mkuu wa Chuo na manaibu wake, ni wachache sana waliokaa kwenye vyumba vyote viwili. Mimi nilikaa kwenye vyote, na sikuwa na ruhusa ya kusema.

Kwa asiyeishi ndani ya mambo haya, vyombo hivyo viwili vimetenganishwa kwa makusudi. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005, ileile iliyounda Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, ndiyo msingi, na Hati Idhini ya kila chuo inafafanua nani anakaa wapi na anaamua nini. Baraza hushika fedha, majengo, ajira na mipango. Seneti hushika taaluma: mitaala, mitihani, nani anastahili shahada na nani arudi kusapu, yaani kurudia mtihani aliofeli. Mtendaji wa kila siku ni Makamu Mkuu wa Chuo, cheo ambacho huwachanganya wazazi wengi. Wakisikia "makamu" hudhani bosi mwenyewe yuko safarini. Mkuu wa Chuo yupo kweli, ila wengi humwona siku ya mahafali tu, akiwa ndani ya joho. Na kwenye chuo cha binafsi kuna mwenye chuo, aliyekianzisha. Huyo hakai mbali.

Utengano huo una historia yake. Mwaka 1990 wanataaluma walitoa Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa taaluma, na mwaka huohuo serikali ilikifunga Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa miezi kadhaa. Kizazi kilichopita humo kilijifunza kuilinda Seneti isiguswe na mkono wa mtu wa nje, hasa mkono wa dola. Mhadhiri wa siasa wa rika hilo ukimwambia kwamba fedha zijadiliwe kwenye kikao cha mitihani, ananusa hongo hapohapo. Namwelewa. Lakini waliojenga ukuta ule walikuwa wanaitazama Ikulu. Sisi tulipigwa na kitu kilichotoka ofisi ya Bursa, mshika fedha wa chuo.

Baraza la Juni lilikaa katika baridi yetu ile, wajumbe wamevaa makoti ndani ya ukumbi, chai ya tangawizi inazungushwa kabla hata akidi haijatimia. Ajenda nzito ilikuwa bajeti. Bweni la wasichana lilikuwa limefika kwenye lenta na limesimama hapo tangu mwaka uliotangulia. Mwenye chuo alitaka lipauliwe kabla ya mvua za Novemba, na hoja yake haikuwa ya kipuuzi: wasichana wa mwaka wa kwanza walikuwa wanapanga mitaani kwenye vyumba visivyo na geti, na kila Oktoba wenye nyumba hupandisha kodi wakijua hawana pa kwenda. Fedha ya kupaulia itoke wapi? Bursa alisoma vifungu kimoja baada ya kingine, akafika kwenye "malipo ya wahadhiri wa muda", akapendekeza kisogezwe mbele hadi ada ya muhula wa kwanza wa mwaka mpya itakapoingia.

Hapa inabidi nieleze jinsi fedha inavyoingia chuo cha namna hii, maana bila hilo Baraza litaonekana la watu wabaya, na hawakuwa wabaya. Chuo cha binafsi hakilipiwi mishahara na Hazina kama Mkwawa au Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Kinaishi kwa ada. Ada hiyo ina milango miwili: Bodi ya Mikopo, inayolipa sehemu ya ada ya wanufaika moja kwa moja chuoni, na mzazi. Mzazi wa huku ni mkulima. Muhula wa pili unaanza Machi, ghala likiwa linaelekea kuisha na mahindi mapya yakiwa bado mabichi shambani. Mitihani inafanyika Julai, wakati yanavunwa na kukaushwa. Yanauzwa Agosti, Septemba, hata Oktoba, na wanaopeleka kwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula pale Makambako nao wana foleni yao. Kwa hiyo ada ya muhula wa pili huingia baada ya muhula wa pili kwisha. Mzazi wa viazi wa Umalila anaweza kuwahi kidogo, wa parachichi wa Rungwe naye ana msimu wake, lakini kalenda ya chuo haikuandikwa na mtu anayelima chochote. Kila Juni sanduku la chuo lilikuwa tupu, na kila Juni Baraza lilikaa kupanga matumizi.

Kwenye Baraza alikuwamo mama mmoja, mfanyabiashara wa mbao kutoka Mafinga, aliyeteuliwa nadhani kwa sababu ya zile mbao. Alikuwa haongei sana. Siku hiyo aliinua mkono akauliza, "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba nieleweshwe. Hawa wa muda ndio wanaosahihisha mitihani ya mwezi ujao, au ni wengine?"

Mwenyekiti akamgeukia Makamu Mkuu. Makamu akasema baadhi yao, ndiyo. Mwenyekiti akasema, kwa upole kabisa, "Mama, hilo la kusahihisha ni la kitaaluma. Liko Seneti." Mama akashukuru, akakaa. Pendekezo likapita.

Mimi niliandika: "Mjumbe alitaka ufafanuzi kuhusu kifungu husika. Ufafanuzi ulitolewa." Sentensi mbili. Ukisoma muhtasari ule leo, huwezi kujua kwamba swali pekee lililopaswa kuulizwa mwaka ule lilikuwa limeulizwa.

Wahadhiri wa muda si watu wa pembeni, ingawa jina linawafanya waonekane hivyo. Miji yetu hii ina vyuo vingi kuliko ukubwa wake. Iringa mjini, kwa nauli ya bajaji, unatoka Chuo Kikuu cha Iringa hadi Ruaha hadi Mkwawa. Mbeya hali ni hiyohiyo: kuna cha teknolojia, kuna Teofilo Kisanji, kuna Mzumbe Ndaki ya Mbeya, kuna Chuo Kikuu cha Katoliki. Mtu mwenye shahada ya uzamili ya takwimu anaajiriwa na kimoja, anafundisha saa za jioni kwenye viwili vingine. Vyuo vimeongezeka haraka kuliko walimu wa kuvijaza. Kwetu, kozi za takwimu, uhasibu wa juu na mbinu za utafiti zilikuwa karibu zote mikononi mwa watu hao. Walikuwa hawajalipwa mihula miwili. Habari ya kikao cha Juni, ambacho ni cha siri, iliwafikia kabla sijamaliza kuchapa muhtasari.

Hawakugoma. Waligoma kwa adabu, kama wanavyofanya watu wanaotaka kuitwa tena muhula ujao. Walisimamia mitihani yao, wakachukua karatasi za majibu, wakatoweka taratibu. Mmoja alipigiwa simu na afisa mitihani akasema yuko msibani Songea. Mwingine alisema kompyuta imeharibika. Wa takwimu peke yake ndiye aliyesema ukweli: alirudisha mifuko yote ya karatasi ofisini zikiwa zimesahihishwa, lakini jalada la kila karatasi likiwa halina alama. Alama alikuwa ameziandika kwenye daftari lake la kaunta buku, na daftari likabaki kwapani. "Karatasi ni za chuo, nimerudisha," alimwambia afisa mitihani. "Kazi ya kusahihisha ni yangu, hiyo bado mnadaiwa." Wengine baadaye walizileta karatasi zao bila kuzigusa kabisa.

Kozi saba. Kwa chuo kizima ni chache, lakini zilikuwa zile zinazosomwa na vitivo vitatu kwa pamoja, na karibu nusu ya wahitimu watarajiwa walikuwa na angalau moja kati yake. Mtahini wa nje, yaani mwalimu wa chuo kingine anayekagua usahihishaji, alikuja Agosti, akapitia yaliyokuwapo, akaondoka. Mkuu wa Kitivo alitaja tatizo kwenye kikao cha kitivo. Idara iliandika barua. Barua ilijibiwa kwamba suala linafanyiwa kazi. Septemba ikapita.

Seneti ya Oktoba ilianza saa tatu asubuhi na mimi nilizima kompyuta saa mbili usiku. Kwa utaratibu wetu, wawakilishi wa wanafunzi hutoka nje mitihani inapojadiliwa, ili mtu asijadili alama za rafiki yake. Utaratibu mzuri. Ila siku hiyo waliotolewa nje ndio waliokuwa wanajua hasa kwa nini matokeo hayapo. Walikuwa wameshaongea na wahadhiri wale mmoja mmoja, na waliijua habari ya daftari.

Mjumbe mmoja, mhadhiri mkongwe wa sheria, alisimama akasema jambo hili halina siri: watu hawajalipwa, walipwe, alama zitakuja. Makamu Mkuu, ambaye ndiye mwenyekiti wa Seneti, akajibu, "Daktari, malipo ni suala la Baraza. Hapa tuna ajenda ya mitihani."

Niliinua macho kutoka kwenye kompyuta. Nilikuwa nimeisikia sentensi hiyo Juni, ikiwa imegeuzwa tu.

Sasa, kwa nini isisubiriwe? Hapa ndipo fundo lilipokaza. Bodi ya Mikopo haimlipi mwanafunzi anayeendelea hadi chuo kithibitishe kwamba amefaulu na kuvuka mwaka. Bila matokeo hakuna ada ya Bodi, wala mwanafunzi hapati bumu, ile fedha ya chakula na malazi iliyopandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku kuanzia mwaka wa masomo 2022/23. Yaani fedha ambayo Baraza lilikuwa limesema itawalipa wahadhiri wa muda, sehemu yake kubwa ilikuwa inasubiri matokeo, na matokeo yalikuwa yanasubiri wahadhiri wa muda walipwe. Mtu yeyote angechora duara hilo kwenye bahasha kwa dakika moja. Lakini nusu ya duara ilikuwa kwenye makabrasha ya Baraza na nusu kwenye makabrasha ya Seneti, na makabrasha hayo yalikuwa kwenye kabati mbili tofauti za ofisi yangu.

Wahitimu walikuwa na lao. Mahafali yalikuwa yamepangwa Desemba, kadi zimeshachapishwa, na Sekretarieti ya Ajira, inayosimamia ajira za serikali, kwenye matangazo yake ya kazi huandika kabisa kwamba matokeo ya awali hayatakubaliwa. Mzazi mmoja alifika getini kutoka Mbozi, akakaa na mlinzi kutwa nzima akitaka kumwona "mwenye matokeo".

Seneti ilizunguka. Walioshauri alama za kazi za darasani pekee zitumike waliambiwa kwamba hizo ni 40 kati ya 100, na mtihani ulifanyika, hauwezi kufutwa kwa kuwa hatuna alama zake. Walioshauri kozi hizo ziahirishwe waliambiwa habari za Bodi. Hatimaye Makamu aliomba, na akapewa, idhini ya kuyatoa matokeo kwa niaba ya Seneti pindi yatakapopatikana, yaje yathibitishwe kikao kijacho. Hakuna aliyeuliza yatapatikana vipi. Nadhani wengi hawakutaka kujua.

Yalipatikana kwa siku tatu. Wakufunzi wasaidizi, vijana waliomaliza shahada ya kwanza juzijuzi, walifungiwa kwenye maabara ya kompyuta kuanzia Ijumaa hadi Jumapili na mifuko ya karatasi, chipsi mayai na soda. Mmoja wao alikuwa hajawahi kuisoma hata kozi aliyopewa. Takwimu ilisahihishwa upya kutoka mwanzo, maana alama za kwanza zilikuwa ndani ya daftari. Jumatatu matokeo yakapanda kwenye mfumo. Darasa la mbinu za utafiti karibu lote lilipata B. Mtahini wa nje alitumiwa fomu kwa barua pepe asaini; akajibu kwamba hawezi kusaini asichokiona.

Novemba Seneti ilikaa kuthibitisha. Naibu Makamu upande wa taaluma aliniletea aya ya kuweka kwenye muhtasari: "Seneti ilijiridhisha na ubora wa zoezi la usahihishaji." Nilimuuliza, "Prof, naomba radhi, aliyejiridhisha ni nani? Nilikuwapo, sikusikia." Akanitazama muda mrefu. Akafuta "ilijiridhisha" akaandika "ilipokea taarifa". Ni ushindi mdogo sana, lakini kwa mwandishi wa mihtasari ndiyo ushindi uliopo.

Bodi ikalipa. Paa la bweni likapanda, mabati ya kijani, mazuri kweli. Wahadhiri wa muda wakalipwa nusu, na mwezi Januari yule wa takwimu akaja na daftari lake.

Ningependa niseme kwamba alama zililingana. Hazikulingana hata kidogo. Wanafunzi kumi na wanne waliofaulu kwa wakufunzi wasaidizi walikuwa wamefeli kwa mwenye kozi, na saba waliofelishwa na wakufunzi alikuwa amewafaulisha. Kati ya wale kumi na wanne, sita walikuwa wameshavaa joho. Wawili kati ya wale saba walikuwa wamekata tamaa na kurudi nyumbani. Mmoja nasikia alikuwa anaendesha bodaboda Uyole.

Seneti ikaitwa kwa dharura. Iliamua kila mwanafunzi apewe alama kubwa kati ya mbili alizonazo. Uamuzi huo nimeufikiria mara nyingi. Ulikuwa wa huruma, na sijui kama kulikuwa na mwingine ambao usingeishia mahakamani: kumvua mtu shahada kwa kosa ambalo si lake ni jambo zito. Lakini kitaaluma ni uamuzi usio na jina. Hakuna kanuni ya mitihani, si yetu wala ya chuo kingine ninachokifahamu, inayosema mtihani mmoja usahihishwe na watu wawili ambao hawakubaliani, kisha mwanafunzi achague. Yule mkongwe wa sheria alikataa kupiga kura. Akasema, na hili nililiandika neno kwa neno, kwamba Seneti imelipa deni la Baraza kwa sarafu pekee iliyokuwa nayo, ambayo ni alama.

Hapo ndipo ninapoliona kosa, na silioni mahali ambapo wengi wanaliona. Kwenye korido walilaumiwa wahadhiri wa muda kwa kushikilia alama, na wengine wakamlaumu mwenye chuo kwa bweni lake. Lakini kila aliyetajwa alikuwa ndani ya mipaka yake. Baraza lina haki ya kusogeza kifungu. Seneti ina haki ya kukataa kujadili mishahara. Bodi ina haki ya kudai matokeo. Mtu mmoja tu ndiye ambaye kazi yake, kwa muundo wenyewe, ni kuzipokea sentensi mbili hizo na kuziweka pamoja, naye ni Makamu Mkuu wa Chuo: mjumbe wa Baraza, mwenyekiti wa Seneti. Mama wa Mafinga alipouliza, Makamu ndiye aliyejua jibu. Alisema "baadhi yao, ndiyo", akanyamaza. Kama angeongeza kwamba baadhi hao ndio wanaoshika kozi za vitivo vitatu, na kwamba fedha ya Bodi ya Oktoba inapita mikononi mwao, sidhani kama mzee yeyote kwenye meza ile angepiga kura ya mabati. Wangepaua Februari na kuwaomba wasichana wavumilie.

Kwa nini alinyamaza? Sikuwahi kumuuliza, si mtu wa rika langu. Ila nilikuwa nakaa nyuma yake kwenye vikao, na ninajua kwamba barua yake ya uteuzi ilisainiwa na mwenye chuo, na mkataba wake ulikuwa unakwisha mwaka uliofuata. Watu pia walikuwa na hofu ya TCU: mwaka 2017 tume iliwahi kuvizuia vyuo 19 nchini kudahili wanafunzi wapya, na tangu hapo hakuna mwenye chuo wa binafsi anayependa neno "matatizo" lionekane kwenye karatasi. Bweni lilionekana kwa macho. Daftari la alama halikuonekana.

Baadaye yapo yaliyobadilika, si mengi. Karatasi za bajeti zinazokwenda Baraza sasa zina safu ya ziada, "athari kwa taaluma", ambayo mara nyingi hujazwa "hakuna". Kamati ya fedha iliongezewa mkuu wa kitivo mmoja, anayehudhuria akikumbushwa. Mama wa Mafinga alimaliza muda wake na hakuteuliwa tena. Malipo ya nusu iliyobaki yapo kwenye yatokanayo, yaani mambo yaliyobaki kutoka kikao kilichopita, ya kila kikao cha Baraza, namba tatu, na mbele yake pameandikwa "utekelezaji unaendelea"; najua, kwa sababu niliyaandika mwenyewe mara nne kabla sijaondoka.

Wa takwimu hakurudi. Kozi yake ilipewa kijana mwingine wa muda, anayefundisha asubuhi chuo cha serikali na jioni kwetu. Siku ya kwanza alipita ofisini kuchukua fomu ya mkataba. Aliisoma yote akiwa amesimama, akaisaini, akaniuliza kama kuna chai. Nilipokuwa namimina, akaniuliza tena, kwa sauti ya chini kidogo, "Dada, Baraza linakaa lini?"